Kompyuta ya enzi za Windows 7 bado inapiga mzigo. Nani anatulazimisha kununua mpya?

#1 Mama Steshenari (Morogoro)

Habari zenu wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, na kompyuta ninayofanyia kazi ni deskitopu yenye prosesa ya Core 2 Duo, RAM GB 4, Windows 7. Nachapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za msingi, kadi za harusi na za michango, naskani vyeti. Printa ni HP LaserJet 1020. Tabia zake nazijua mpaka ule mlio inaoutoa karatasi ikitaka kukwama.

Juzi mwanafunzi wa chuo kaja kutoa nakala, kaangalia kioo, kacheka: "Mama, hii si ingepelekwa makumbusho?" Nyumbani nako mdogo wangu ananipigia kelele kwamba Windows 7 ilishakatwa siku nyingi, hata 10 imekatwa Oktoba 2025, kwa hiyo eti nafuga bomu dukani.

Sasa nijibuni bila kunionea aibu. Kama inachapa, inaskani na inatoa nakala, imezeeka wapi? Nikinunua mashine mpya nitachapa kurasa ngapi kurudisha hela yake, wakati ukurasa utakaotoka ni uleule? Msimamo wangu: huu uzee wa kompyuta umetengenezwa na wauzaji. Anayepinga alete hoja.

#2 Karanga za Moto

Nimeshavuta kiti. Endeleeni.

#3 Fundi Kidevu (Kariakoo)

Mama hongera kwa kazi. Tunyooshe tarehe kwanza, maana watu watakuja hapa na za kwao. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, marekebisho ya usalama yakakoma 14 Januari 2020. Windows 10 ilitoka Julai 2015, ikafikia mwisho 14 Oktoba 2025, ingawa mtu wa kawaida anaweza kujiandikisha akapata marekebisho ya nyongeza mpaka 13 Oktoba 2026.

"Kukatwa" hakumaanishi inazimwa. Itawaka kesho na keshokutwa. Maana yake ni kwamba tundu jipya likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Tundu linabaki wazi, na wezi wanajua liko wapi.

Kwa anayechapa tu bila intaneti, sioni haraka. Swali langu kwako: hiyo mashine inaingia mtandaoni?

#4 Mbachao

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mama, shikilia hapohapo.

#5 Karanga za Moto

Mbachao wenyewe una kunguni tangu Januari 2020, hujamsikia Fundi?

#6 Ukuta wa Moto (Dodoma)

Wakuu tusicheze na hili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa nchi zaidi ya mia moja ndani ya siku chache. Hospitali za Uingereza ziliahirisha operesheni na watu wakarudi kwenye kalamu na karatasi, kisa ubishi huuhuu wa "mbona inafanya kazi". Zilikuwa kompyuta za Windows XP ambazo hakuna aliyetaka kuzibadilisha. Kirusi hakikusubiri mtu abonyeze chochote, kilipita kwenye njia ya kushirikishana mafaili na kuruka kutoka mashine hadi mashine.

Mama anaskani vyeti na vitambulisho vya watu. Mafaili yanabaki pale. Siku yakiibwa anayeumia ni yule dada aliyeleta kitambulisho chake akatoe nakala, wala hajui hata Windows ni nini.

#7 Kiroboto

#6 hapo umechanganya. XP zilikuwepo, lakini hazikuwa ndizo zilizoungua. Kaspersky walipohesabu walisema takriban asilimia 98 ya mashine zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7. XP nyingi zilikuwa zinaanguka kwa kioo cha bluu kabla kirusi hakijaenea. Na mwaka 2017 Windows 7 ilikuwa bado inapewa marekebisho! Kiraka chenyewe kilitolewa Machi, miezi miwili kabla. Watu hawakukiweka.

Kwa hiyo mfano wako unathibitisha kitu kingine kabisa: uvivu wa kufanya apdeti. Umri wa mashine haukuhusika.

#8 Ukuta wa Moto

Sawa kuhusu takwimu. Ila angalia hoja yako inakokupeleka. Kama waliokuwa na kiraka mkononi waliungua, asiye na kiraka kabisa atasalimika kwa dua?

#9 Kiroboto

Atasalimika kwa kutoichomeka kwenye mtandao 😂

#10 Mtu wa Maabara (Kigoma)

Mimi niwaletee upande ambao hamjaugusa. Nafanya kazi maabara. Tuna mashine ya kupima damu inayotuma majibu kwenye kompyuta ya XP kupitia lile tundu la pini tisa. Programu yake ililetwa kwenye CD pamoja na mashine. Kwenye Windows mpya haiwaki. Toleo jipya la programu lipo, ila linataka mashine mpya ya damu, na mkisikia bei yake mtaacha kubishania bei ya laptopu.

Kwa hiyo tunapoiangalia ile kompyuta hatuoni kompyuta. Tunaona sehemu ya mashine ya damu. Nani anabadilisha kifaa cha maabara kizima kwa sababu kibodi yake imezeeka? Tumeitoa mtandaoni, matundu ya USB yamezibwa isipokuwa moja, na fundi ametutengenezea nakala ya diski nzima kwenye diski nyingine iliyofungiwa kabatini. Ikifa leo, tunachomoa na kuchomeka.

Nikisikia watu wanasema "ni umaskini tu" nacheka. Treni za mjini San Francisco, palepale mlangoni pa makampuni yote hayo ya kompyuta, mfumo wake wa kuziongoza uliofungwa 1998 unapakiwa kwa diski laini. Mwaka 2024 ndipo walipopitisha mkataba wa dola milioni 212 wa kuubadilisha.

#11 Karanga za Moto

Diski laini?? Ile iliyopo kwenye alama ya kuhifadhi faili?

#12 Mzee Kasoro (Tanga)

Vijana mnachekesha. Diski laini tumezitumia, tena unaandika jina juu kwa kalamu ya risasi, ukisahau karibu na spika ya redio kazi ya wiki imekwenda.

Mimi nadhani mama yuko sahihi kwa sababu moja ambayo hakuna aliyeisema: vitu vya zamani vilitengenezwa kwa nia. Nina ThinkPad ya mwaka 2012. Imeanguka mezani, imemwagikiwa chai, kibodi yake ina njia za kutolea maji chini, ukitaka kubadilisha RAM unafungua skrubu na kifuniko kinatoka. Binti yangu kanunua laptopu nyembamba kama kadi, RAM imechomelewa kwenye mothabodi, betri iko ndani kabisa. Ikisumbua fundi anakwambia nunua nyingine. Hiyo ndiyo mpya mnayotusukumia?

#13 Fundi Kidevu

Mzee shikamoo. Nakubaliana na skrubu zako, lakini "vya zamani vilikuwa vigumu" hapana. Wewe unaiona iliyobaki. Zilizokufa hazipo mezani, zipo kwangu nyuma ya duka, rundo. Mothabodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na balaa la kapasita: zinavimba kichwani, zinavuja, mashine inazima yenyewe. Nimebadilisha kapasita mpaka nikawa nazinunua kwa pakiti. Enzi hizo hakuna aliyesema kompyuta za sasa ni ngumu, kila mtu alikuwa analaani.

Na kitu kimoja: mashine nyingi ninazoletewa kwa maneno "imechoka, tafuta mteja", naweka SSD badala ya hadi diski ya kuzunguka, nasafisha feni, naweka pesti mpya kwenye prosesa, mwenyewe anarudi anauliza umebadilisha mashine? Hadi diski ndiyo iliyokuwa inamvuta nyuma. Prosesa ilikuwa imekaa inaisubiri tu.

#14 Mzee Kasoro

Marahaba. Hizo kapasita nazikumbuka. Ila rundo lako halina ThinkPad, na hilo hukulisema.

#15 Fundi Kidevu

Zipo mzee, usinifanye nianze kupiga picha.

#16 Kaskazi (Lamu)

Nyinyi mwazungumza kama kwamba mashine huzeeka sawa kila mahali. Njooni Lamu. Hapa hewa yenyewe ina chumvi. Wafungua deskitopu ya miaka mitatu, waona kutu ya kijani kwenye miguu ya RAM, skrubu zimeshikana, feni yasaga. Laptopu iliyokaa Nakuru miaka kumi ikawa nzuri, huku isingemaliza minne. Sisi hatubadilishi kwa sababu ya Windows wala ya wauzaji, twabadilisha bahari ikisha kula chake.

#17 Ukuta wa Moto

Dodoma adui ni vumbi. Ukifungua kesi unaweza kupanda mahindi.

#18 Hesabu Kali (Mwanza)

Hamjagusa umeme, nikae nao mimi. Deskitopu ya zamani na monita ya chogo weka wati 150. Saa 10 kwa siku ni uniti 1.5. Siku 26 za kazi ni uniti 39. Kwa tarifu ya kawaida elfu moja inakupa kama uniti 2.8, kwa hiyo unalipa karibu 13,900 kwa mwezi. Laptopu ya wati 25, saa zilezile, ni uniti 6.5, kama 2,300. Tofauti ni zaidi ya 11,000 kila mwezi, kwa mwaka inakaribia 140,000. Mama, hiyo "ya bure" yako inakula pole pole kwenye LUKU.

#19 Kiroboto

Nani kakwambia ana monita ya chogo? Kasema kioo tu. Core 2 Duo isiyochemshwa na kazi nzito inacheza wati 50 hadi 60, kioo bapa 25. Weka 85. Zinatoka uniti 22, kama 7,900. Tofauti na laptopu ni 5,600 hivi. Na laptopu nayo si ya bure, na betri yake itakufa.

Kama unatafuta mlafi wa umeme steshenari, iangalie printa ya leza ikianza kupasha moto.

#20 Hesabu Kali

Bado 5,600 ni hela. Mara miezi 12 ni 67,000.

#21 Kiroboto

Ni hela. Lakini kwa 67,000 kwa mwaka utasubiri miaka mingapi upate laptopu? Umemtetea mama bila kujua.

#22 Mama Steshenari

Nimewasoma wote, asanteni. Kioo ni bapa, Kiroboto kapatia.

Fundi uliuliza kama inaingia mtandaoni. Ndiyo, na hapo ndipo penye kisa. Zamani wateja walikuja na flashi, virusi vikaja na flashi, nikajifunza. Sasa hivi hakuna anayekuja na flashi. Wananitumia faili WhatsApp, mimi nafungua WhatsApp kwenye brauza ya kompyuta na kuchapa. Chrome inaniandikia juu kila siku kwamba haitapata apdeti tena kwenye Windows 7. Mpaka sasa inafungua, lakini kuna tovuti za maombi ya kazi na za vyuo zinakuja nusu, vitufe havibonyezeki, mteja anaona ni mimi sijui kazi.

Kijana mmoja anasema niweke Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows. Kadi zangu zote za harusi nimezitengenezea kwenye Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Linux inafungua Publisher?

#23 Pengwini Mweusi (Arusha)

Hatimaye! Mama weka Linux Mint leo hii. Bure, apdeti zinakuja, virusi vya flashi vya Windows havitakuhusu, LibreOffice inafungua Word na Excel, Firefox mpya kabisa. Core 2 Duo na RAM GB 4 inatosha. Kompyuta yoyote ya zamani inafufuka, hata Pentium 4.

#24 Fundi Kidevu

Pengwini, "yoyote" hapana. Mint iliacha toleo la biti 32 tangu Mint 20, mwaka 2020. Pentium 4 nyingi ni biti 32, ataweka nini? Ziko Linux nyepesi kama antiX na nyingine chache. Debian yenyewe, Linux nyingine kubwa, kwenye toleo la 13, mwaka 2025, imeondoa kisakinishi cha biti 32. Core 2 Duo ya mama ni biti 64, yeye hana shida hapo.

Shida yake ni LaserJet 1020. Ile printa haina programu ndani. Kila ikiwashwa inasubiri kompyuta iimiminie programu yake ndipo iamke. Linux inaweza, kuna draiva ya foo2zjs na ile ya HP, lakini usimwambie mtu "weka leo hii" kisha kesho asubuhi ana foleni ya wanafunzi na printa imenyamaza. Ajaribu kwanza kwa kuwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kuifuta Windows, achape ukurasa mmoja, aone.

#25 Pengwini Mweusi

Hilo la kujaribu kwa flashi nalisaini. Kuhusu Publisher: LibreOffice Draw inafungua faili za .pub, ila mpangilio unaweza kuhama, hasa maua yale ya pembeni na maandishi yaliyopindwa. Kadi mpya tengeneza kwenye Scribus au Inkscape. Ni kujifunza upya, sitakudanganya.

#26 Kiroboto

Na hapa wauzaji wanaingia tena: Microsoft wametangaza kwamba Publisher inastaafishwa Oktoba 2026. Haitakuwemo tena kwenye Microsoft 365. Kwa hiyo hata mama akinunua mashine ya kisasa kwa hela zote, kadi zake hazina mbele. Aliye na Office ya zamani ya kununua mara moja ndiye atakayeendelea kuifungua.

Mnaona? Mara nyingine kukaa na cha zamani ndiyo njia pekee ya kuzifikia kazi zako mwenyewe.

#27 Mbachao

Nilisema #4. Endeleeni kunipuuza.

#28 Mama Steshenari

Kiroboto umenitisha kuliko huyo wa WannaCry. Kadi ni mkate wangu wa msimu wa harusi.

#29 Ukuta wa Moto

Mama, zigeuze zote kuwa PDF sasa hivi, pia weka nakala nje ya mashine hiyo. Hili halina mjadala, uwe na Windows 7 au ya mwaka kesho. Hadi diski ya umri huo haipigi hodi.

#30 Mswahili wa Ruwi (Muscat)

Asalaam alaykum. Mimi niko upande zinakotoka. Ofisi za huku na za Ulaya hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka mitatu, minne, mitano, maana nyingi ni za kukodi na mkataba ukiisha hurudishwa. Mzima wake, kioo safi, chaja yake, hutoka kwa jumla. Ndizo mnazozinunua hapo Darajani na Kariakoo mkiambiwa "mpya kutoka Dubai".

Sasa hivi kuna wimbi kubwa zaidi. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashine) na prosesa za Intel kizazi cha nane, zilizoanza 2017, kwenda juu. Basi kila ofisi yenye kizazi cha sita na cha saba inazitoa, na hazina ubaya wowote. Mama Steshenari, mashine ya kizazi cha sita ni nzuri mara nyingi kuliko yako na bei yake inashuka. Aliyekuwa na haraka ya kutupa ni tajiri, mfaidi wewe.

#31 Wanjiku wa Mitambo (Nairobi)

Hapo kwa "mfaidi wewe" ngoja kidogo, ndugu. Nani anabaki nayo ikikufa? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizokusanywa na kurejelezwa rasmi. Zile monita za chogo zina risasi kwenye kioo. Tajiri ametumia miaka minne ya uhai wake, sisi tunarithi ya mwisho pamoja na mazishi.

Huku Nairobi angalau kuna WEEE Centre, kituo cha kurejeleza taka za elektroniki, ilianza kama tawi la Computer for Schools Kenya, wale waliokuwa wanapeleka kompyuta zilizokarabatiwa mashuleni. Waligundua kwamba ukigawa za zamani lazima ujue zitarudi wapi. Na tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea taka za elektroniki ikubali kwanza, ziwe za sumu au la. Lakini taka ikiandikwa "kompyuta iliyotumika, inafanya kazi", inapita.

#32 Mswahili wa Ruwi

Dada, zisipoletwa huko zitasagwa huku zikiwa hai. Sehemu kubwa ya uchafuzi wa laptopu ni kwenye kuitengeneza, si kuitumia. Kuitumia miaka sita zaidi ndiyo dawa.

#33 Wanjiku wa Mitambo

Ikitumika miaka sita, sawa. Nenda uangalie kontena likifunguliwa uhesabu zinazowaka.

#34 Bukavu Ziwani

Jambo bandugu. Kwetu umeme unakwenda na kurudi. Laptopu za zamani zina betri ya kuchomoa. Mimi niko na betri tatu, moja ndani, mbili kwenye begi, ninabadilisha kama askari na risasi. Laptopu mpya ya kaka yangu betri iko ndani, umeme ukienda na yeye anaenda kulala. Hiyo tu njo sababu yangu.

#35 Karanga za Moto

Hii ndiyo hoja bora kwenye uzi mzima, wengine mmeleta tarehe tu.

#36 Msomi wa Tabora

Nina kesi inayofanana na ya mama, labda wajuvi mtanisaidia. Deskitopu yangu ya zamani kila tovuti inasema "muunganisho si salama". Kila moja, hata Google. Jirani kasema ni kwa sababu ni ya zamani, nitupe.

#37 Fundi Kidevu

Angalia saa pale chini kulia. Imeandika mwaka gani?

#38 Msomi wa Tabora

2009. Kila nikiiwasha inarudi 2009.

#39 Fundi Kidevu

Betri ya mothabodi imeisha, ile duara ya CR2032. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine yako ikidhani ni 2009, kila cheti kinaonekana hakijazaliwa. Betri haifiki bei ya sahani ya chipsi. Nimeshaona watu wameuza mashine kama chuma chakavu kwa kosa hilo.

#40 Pengwini Mweusi

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Mashine ya mama haijazeeka, intaneti ndiyo imenenepa. Mwaka 2011 ukurasa wa kawaida wa tovuti ulikuwa chini ya MB 1, sasa unapita MB 2 kwa kujisifu, na ndani yake kuna programu nzima inayoendeshwa na prosesa yako. Barua ya maombi ya kazi haijanenepa hata chembe. Kuandika hakujawahi kuwa tatizo la Core 2 Duo.

#41 Ukuta wa Moto

Ila yeye anaishi kwenye hiyo intaneti iliyonenepa, kasema #22. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023. Firefox 115 waliiongezea muda mara kadhaa, hiyo ni huruma. Nazungumzia duka la mtu, hatuko kwenye falsafa.

#42 Kijana wa Sinza

Mbona mnahangaika, si aweke Windows 11 kwa Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia? Inaruka TPM na kila kitu. Mimi nimeweka kwenye i5 ya kizazi cha tatu inaruka kama swala.

#43 Kiroboto

Kizazi cha tatu ndiyo. Core 2 Duo hapana. Kuanzia toleo la 24H2 Windows 11 inahitaji maagizo ya prosesa ambayo Core 2 haina, POPCNT na wenzake wa SSE4.2. Haiwaki kabisa, hata uipige Rufus mara saba. Na hiyo yako apdeti kubwa zinaweza kukugomea, usimshauri mtu wa biashara.

#44 Kijana wa Sinza

Yangu haijagoma.

#45 Mtu wa Maabara

Bado.

#46 Mama Steshenari

Jamani mkigombana mimi foleni inanisubiri. Nimeelewa hivi: kuna wanaosema nitenganishe kazi, hii ya zamani ibaki na Publisher na printa bila intaneti, na nitafute kizazi cha sita kwa ajili ya WhatsApp na tovuti. Kuna wanaosema Linux. Kuna wanaosema nisitikisike. Kuhusu wauzaji, Kiroboto na Wanjiku wamenipa nguvu pande mbili tofauti, sijui nichukue upi. Kesho nitawasha Mint kwa flashi nione printa itasemaje.

Fundi, ule mpira wa kuvuta karatasi wa 1020 unapatikana? Wangu unateleza, unavuta mbili mbili.

#47 Fundi Kidevu

Upo, njoo inboksi. Usinunue seti nzima kama mpira tu ndio umeisha. Kwa sasa ufute na kitambaa chenye maji kidogo, siyo mafuta, utasogea wiki chache. Na ile pedi ya chini inayotenganisha karatasi iangalie pia, hizo mbili mbili mara nyingi ni yake.

#48 Mgeni Rasmi

Wakuu samahani sijasoma uzi wote ni mrefu. Nina laki tatu na nusu, nataka laptopu ya chuo, kozi ya uhasibu. Ninunue mpya au mtumba?

#49 Karanga za Moto

😂😂😂 Tuanze upya.

#50 Kiroboto

Mtumba, zile zilizotolewa na ofisi: Latitude, EliteBook au ThinkPad, RAM GB 8, SSD, kizazi cha sita kwenda juu. Mpya ya laki tatu na nusu itakuja na prosesa ya kuhurumia. Dukani iwashe mwenyewe, ingia BIOS uone kama haina nenosiri la ofisi ya watu, maana zingine zimefungwa huko zilikotoka na muuzaji anajifanya hajui. Angalia afya ya betri, chomeka flashi kwenye kila tundu, bonyeza kila herufi ya kibodi. Muuzaji akianza kukuharakisha, ondoka.

#51 Wanjiku wa Mitambo

Na muulize ikikufa anaipokea.

#52 Mgeni Rasmi

Asante. BIOS ndiyo nini?